KIBANDIKO SI MITA



Kila mchuma chai anaujua mzani. Analijua pia lile linalofuata baada ya mzani: karani anasoma kilo, kisha anapunguza kilo moja ya gunia na nyingine ya maji, kwa kukisia tu, maana gunia hakulipima na maji hakuyapima. Tumegombana juu ya kilo hizo miaka mingi, na mahali pengine tulishinda, gunia tupu likawa linapimwa asubuhi mbele ya watu kabla ya kazi kuanza. Sasa makisio ya namna ile ile yameingia mahali ambapo wengi wetu hatukutazamia, yaani katika umeme wa kompyuta. Twaomba ndugu zetu wa matawi mengine wasome habari hii kwa makini, hata wale ambao hawajapata kugusa kompyuta, kwa sababu makato hayamwulizi mtu kama amesoma.

Mambo yenyewe ni haya. Katika shamba moja la chai upande wetu wa magharibi mwa Uganda, chama kilipatana na mwajiri kwamba chumba kimoja cha kiwanda chenye kompyuta 8 kitumiwe jioni na wanachama pamoja na watoto wao kwa kujifunza. Sharti la mwajiri lilikuwa kwamba umeme tulipe sisi, ukatwe katika mishahara ya waliojiandikisha. Hatukulikataa. Anayetumia alipe, hilo ni haki. Darasa hukaa saa 3 kila jioni, siku 26 kwa mwezi, yaani saa 78. Baada ya hapo mlango hufungwa na ufunguo hurudi kwa askari wa lango.

Hati ya kwanza ya makato ilipokuja ilisema tumetumia uniti 840 kwa mwezi mmoja. Tulipouliza zimepatikana wapi, tukaonyeshwa hesabu. Nyuma ya kila kompyuta kuna kibandiko kilichoandikwa wati 350. Mhasibu alichukua 350 akazidisha kwa mashine 8, akapata wati 2,800. Akazidisha kwa saa 10 kwa siku, na kwa siku 30. Uniti moja ni wati 1,000 kwa muda wa saa moja, kwa hiyo jibu ni 840 kamili, na kwa kuzidisha hakukosea hata tarakimu moja. Alichokosea ni kila namba aliyoizidisha.

Habari ya saa tuliimaliza upesi, maana daftari la askari lipo na linaonyesha ufunguo ulitoka lini na kurudi lini. Kwa saa 78 badala ya 300, hesabu ile ile ya kibandiko inashuka hadi uniti 218. Hapo mwajiri alidhani tumeridhika. Lakini tulikuwa hatujaigusa ile 350 yenyewe, nayo ndiyo yenye kazi, kwa kuwa imebandikwa na kiwanda kilichotengeneza mashine, na mtu akiona maandishi ya kiwanda huyaheshimu kama hati ya serikali.

Ile 350 ni nini? Ni uwezo wa kile kisanduku kilichomo ndani ya kompyuta ambacho hupokea umeme wa ukutani na kuugawa kwa sehemu nyingine. Kisanduku kinasema: naweza kutoa hadi wati 350, msinidai zaidi. Hakisemi kwamba ninatoa wati 350. Lori la kiwanda limeandikwa mlangoni tani 7, nalo kila siku linapita likiwa na dereva, turnboi na madumu mawili matupu. Hakuna mhasibu atakayeandika kwamba limebeba tani 7 kwa sababu mlango unasema hivyo.

Fundi wa umeme wa kiwanda, ambaye ni mwanachama wetu, ana mita ndogo ya kuchomeka ukutani. Unachomeka mita, halafu unachomeka kompyuta juu yake, nayo inaonyesha wati na kujumlisha uniti. Tuliiweka mwezi mzima, tukiihamisha kila wiki kwenye mashine nyingine, na kila jioni mwanafunzi mmoja akaandika katika daftari. Kompyuta iliyowashwa bila kazi ilikula wati 30. Mtu akiandika barua, 42. Ilipopewa kazi nzito ya kutengeneza picha za video ilipanda hadi 96, na hiyo ilitokea mara chache. Kioo chake kilikula wati 18 peke yake. Kwa wastani, mashine na kioo pamoja, ni wati 60 hivi. Zidisha kwa mashine 8 na saa 78: uniti 37 na nusu. Tulikuwa tumeandikiwa 840, zaidi ya mara ishirini, na baba mmoja anayelipwa kwa kilo alikwisha kumwondoa mtoto wake darasani kabla mita haijatoa jibu.

Katika kikao cha pili mwajiri aliiacha 350 na kuleta namba nyingine iliyovaa suti. Alisema prosesa ya mashine hizi imeandikwa wati 65 na aliyeitengeneza, basi tuseme 65 za prosesa na 60 za vitu vingine pamoja na kioo, jumla wati 125 kwa kila mashine, na mambo yaishe. Hiyo ingetupa uniti 78 kwa mwezi. Baadhi ya wajumbe wetu walitaka kukubali, kwa sababu mtu aliyetoka 840 akiona 78 anaona ameokolewa. Sisi twasema 78 ni zaidi ya maradufu ya 37, na tena 65 ile haina maana anayoidhani mwajiri. Hapa inatubidi tueleze kidogo juu ya chombo chenyewe.

Prosesa ni kile kipande kidogo ndani ya kompyuta kinachofanya hesabu. Kimejaa swichi ndogo mno ziitwazo transista, ambazo siku hizi huhesabiwa kwa mabilioni katika kipande kimoja. Kila swichi inapogeuka, umeme kidogo hujazwa na kumwagwa, mfano wa kibuyu kinachojazwa maji kisha kikamwagwa. Kibuyu kimoja si kitu. Lakini prosesa ya gigahezi 3 hupiga mapigo bilioni 3 kwa sekunde moja, na katika kila pigo vibuyu vingi hujazwa na kumwagwa. Kwa hiyo umeme wa kazi hutegemea vibuyu vingapi vinageuzwa, ukubwa wao, mapigo ni mangapi kwa sekunde, na volti. Volti hushinda mengine yote, kwa kuwa katika hesabu huzidishwa kwa nafsi yake. Ukishusha volti kutoka 1.2 hadi 0.9 umepunguza robo tu, lakini umeme wa kazi ile ile kwa mapigo yale yale hupungua kwa asilimia 44 hivi. Ndiyo sababu prosesa za leo zikikosa kazi hujishushia mapigo na volti zenyewe, na sehemu zisizotumika hujizima. Juu ya hayo uko umeme unaovuja hata swichi zisipogeuka, kama bomba lililotoboka, nao huzidi prosesa ikipata joto.

Chombo cha namna hiyo hakiwezi kuwa na namba moja. Asubuhi kinalala, saa nne kinaamka, mtu akifungua programu nzito kinaruka, akiifunga kinalala tena, na mabadiliko hayo hutokea mara nyingi ndani ya sekunde moja.

Basi ile 65 imetoka wapi? Imeandikwa kwa ajili ya mtengenezaji wa feni. Inamwambia: feni yako na chuma chake cha kupoza viweze kuondoa joto la wati 65 kwa mfululizo prosesa ikiwa katika kazi nzito kwa mapigo yake ya kawaida. Haikuandikwa kwa ajili ya mhasibu. Wala mtu asifikiri kwamba namba hiyo daima huzidisha. Prosesa zina desturi ya kuongeza mwendo kwa muda zinapobanwa na kazi, na hapo hupita namba yao. Kampuni ya Intel yenyewe, katika prosesa zake za kizazi cha 12 zilizotoka mwaka 2021, ilianza kuandika namba mbili badala ya moja. Ile iitwayo Core i9-12900K imeandikwa wati 125 kwa mwendo wa kawaida na wati 241 kwa mwendo wa juu. Kwa hiyo kibandiko cha kisanduku kinatuonea sisi, na kesho namba ya feni yaweza kumwonea mwajiri. Zote mbili si mita.

Wako watakaosema kwamba chama kinapinga makisio yote. La. Hakuna mtu duniani awezaye kuweka mita katika kila swichi ya prosesa, na wataalamu wenyewe hukisia kutwa kucha. Lakini tazameni wanavyokisia. Mwaka 1994 wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha Princeton huko Marekani, Vivek Tiwari, Sharad Malik na Andrew Wolfe, walitaka kujua programu inakula umeme kiasi gani. Walichukua prosesa ya Intel 486DX2, wakaweka amita kwenye njia ya umeme wake, wakaiamrisha irudie amri moja tu bila kukoma, amri ya kujumlisha kwa mfano, mpaka kipimo kikatulia. Wakaandika. Wakaenda amri ya pili, wakaandika. Wakagundua pia kwamba prosesa ikitoka amri ya namna moja kwenda ya namna nyingine kuna gharama ya kuhama yenyewe, ambayo haimo katika amri yoyote peke yake. (Mfanyakazi aliyehamishwa katikati ya zamu kutoka mashine ya kukaushia kwenda chumba cha kupanga madaraja hahitaji kuelezwa jambo hilo, ingawa katika kipande chake huwa halihesabiwi.) Baada ya kuwa na orodha ya gharama hizo ndipo walipoweza kuisoma programu na kukisia umeme wake. Kisio lao lilizaliwa na amita.

Mwaka 2000 Frank Bellosa, katika Chuo Kikuu cha Erlangen nchini Ujerumani, alitumia vihesabio vilivyomo ndani ya prosesa, vinavyohesabu matukio kama vile hesabu zilizofanywa na safari za kwenda kuchukua habari katika hifadhi, akalipa kila tukio uzito wake wa umeme. Mwaka huo huo David Brooks, Tiwari na Margaret Martonosi walitoa programu iitwayo Wattch, ya kukisia umeme wa prosesa ambayo bado haijatengenezwa. Walisema wazi kwamba makisio yake hutofautiana na vyombo vizito vya wenye viwanda kwa kiasi cha asilimia 10. Twapenda sana sentensi hiyo. Mtu anayekisia kwa uaminifu anakuambia kisio lake laweza kukosea kwa kiasi gani. Katika hati yetu ya makato hakukuwa na neno kama hilo. Uniti 840 ziliandikwa kama zimesomwa ukutani.

Tuonye jambo moja kwa matawi yatakayofuata. Mwajiri mwenye mtaalamu aweza kuja na namba iliyotolewa na kompyuta yenyewe. Ni kweli, tangu mwaka 2011 prosesa nyingi za Intel zina kihesabio cha umeme ndani yake. Kile cha mwanzo hakikupima. Kilihesabu matukio na kuyapa uzito kwa njia tuliyoieleza. Kuanzia prosesa za seva za mwaka 2014 upimaji wa kweli uliingizwa ndani. Hata hivyo namba hiyo ni ya prosesa, na katika mashine nyingine pamoja na hifadhi yake. Kioo hakimo, feni hazimo, wala umeme unaopotea kuwa joto ndani ya kile kisanduku cha kugawia haumo. Namba hiyo ikiletwa, ulizeni imehesabu nini na imeacha nini. Ukutani ndipo vyote hupita.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo twataka kila mjumbe alishike anapokwenda kikaoni. Mwaka 2007 wataalamu watatu wa kampuni ya Google, Xiaobo Fan, Wolf-Dietrich Weber na Luiz André Barroso, walitoa andiko juu ya umeme wa majumba yao ya kompyuta, ambamo maelfu ya seva hufanya kazi usiku na mchana. Walichukua seva moja ya kawaida, wakajumlisha namba za kila sehemu kama zilivyoandikwa na watengenezaji: prosesa mbili za wati 40 kila moja, hifadhi, diski, feni, na vingine. Jumla ilikuwa wati 213. Wakaongeza umeme unaopotea katika kisanduku cha kugawia, ikawa wati 251. Kisha wakaipa seva hiyo kazi nzito kuliko zote walizokuwa nazo na kupima. Haikupita wati 145. Hiyo ni chini ya asilimia 60 ya hesabu ya vibandiko.

Kwa nini kampuni tajiri kama ile ikahangaika na tofauti hiyo? Kwa sababu jumba la kompyuta hujengwa kwa kiasi cha umeme. Transfoma, nyaya, jenereta na mitambo ya kupoza hununuliwa kwa hesabu hiyo. Anayejenga kwa wati 251 kwa seva inayokula 145 amelipia umeme ambao hautatumika kamwe. Kwa hiyo walikataa kibandiko, wakapima seva zao zikiwa bila kazi na zikiwa katika kazi nzito, wakatengeneza kisio jepesi: ukijua prosesa ina kazi kiasi gani, unapata umeme wa seva nzima kwa kukaribia sana, hasa ukizijumlisha mamia kwa pamoja, ambapo kosa la hii hufutwa na kosa la ile. Lilipokuwa suala la mfuko wao wenyewe, wenye mali hawakulipa kwa kibandiko hata siku moja. Mchuma chai alipe kwa kibandiko kwa sababu gani?

Barroso huyo huyo pamoja na Urs Hölzle waliandika mwaka huo wa 2007 kwamba seva iliyowashwa bila kazi hula karibu nusu ya umeme wa ile yenye kazi kamili. Kwetu pia ile isiyo na kazi ilikula wati 30 na ile ya kuandika barua 42, tofauti ya 12 tu. Hivyo twawaambia wanafunzi wa jioni, wakubwa kwa wadogo: anayekwenda kunywa chai nje kwa nusu saa aizime mashine. Kupanda 96 kwa dakika tano si hasara kubwa. Hasara ni wati 30 na kioo chake kuangaza viti vitupu.

Msimamo wa tawi kwa kikao kijacho ni kwamba chumba kiwekewe mita yake, isomwe siku ya kwanza ya kila mwezi na mtu wa ofisi pamoja na mjumbe wetu, wote wawili watie saini, na makato yafuate usomaji huo. Mpaka mita itakapowekwa tupo tayari kulipa kwa kisio la uniti 40 kwa mwezi, lililotoka katika daftari la fundi na kuongezwa kidogo kwa ajili ya jioni za kazi nzito, na daftari liwe mezani kwa yeyote atakayetaka kulipekua. Kisio hilo lirudiwe kila kompyuta zikibadilishwa, maana mashine mpya si lazima ile kidogo kuliko kuukuu. Hatutakubali neno "kwa makadirio ya ofisi" katika hati yoyote ya makato isipokuwa makadirio yenyewe yameambatishwa, na jina la aliyeyafanya.

Mwajiri ameomba tuchangie nusu ya bei ya mita. Tumemjibu kwamba tunakubali, na nusu yetu ikatwe katika fedha za zile uniti 800 na zaidi alizokwisha kutukata mwezi wa kwanza. Kitakachobaki kirudishwe kwa wenyewe katika mshahara wa mwezi huu.